Masiya ya Handel: kwaya ya watu 26 ifuate rekodi ipi?

mwalimu_wa_makole

Ndugu wapenzi wa muziki, habari za majukumu. Mimi ni mwalimu wa kwaya ya parokia hapa Dodoma mjini, upande wa Makole. Tuko waimbaji 26: sauti ya kwanza tisa, ya pili saba, ya tatu wanne tu, na ya nne sita. Kwa mkesha wa Noeli tumekusudia kuimba vipande viwili vya oratorio (utungo mrefu wa kidini wa kwaya, solo na vyombo) ya Masiya ya Georg Friedrich Handel, yaani ule wa Isaya, "Maana kwa ajili yetu mtoto amezaliwa", pamoja na Aleluya Kuu, ambayo hata asiyelijua jina la mtunzi anaifahamu kwa masikio.

Kwa wiki mbili nimekuwa nikisikiliza rekodi tatu usiku, kwa sababu mchana nyumba yetu inapakana na karakana ya kuchomelea mageti. Ya kwanza ni ya kondakta Thomas Beecham ya mwaka 1959, ambayo mzee wetu mmoja wa sauti ya nne aliitunza kwenye kanda tangu ujana wake, na kwa kweli ndiyo iliyotulea sote. Ya pili ni ya Christopher Hogwood na Academy of Ancient Music, iliyotoka mwaka 1980. Ya tatu ni ya Trevor Pinnock na The English Concert, ya mwaka 1988. Nota ni zile zile na mtunzi ni yule yule, lakini nikizicheza moja baada ya nyingine napata shida kuamini kwamba ni wimbo mmoja. Kwa Beecham matoazi yanagongwa, shaba zinanguruma, na waimbaji wanatembea kama maandamano ya Jumapili ya Matawi. Kwa Hogwood sauti ya kwanza inaimbwa na watoto wa kiume, sauti nyembamba isiyotetema, na fidla zina mkwaruzo fulani ambao mwanzoni nilidhani ni ubovu wa spika yangu. Kwa Pinnock kuna tarumbeta na ngoma za kutosha kabisa, ila kila kitu kinaruka. Mzee wetu alisikiliza dakika moja, akauliza kama hao watu wana basi la kuwahi.

Jambo la pili lilitokea Jumanne. Mpiga kinanda wetu alijaribu kuifuatisha rekodi ya Pinnock akiwa kwenye Do ni D, kama nota zinavyosema, ikagoma. Kila alichogusa kilikuwa juu ya rekodi kwa nusu toni. Akajaribu ya Hogwood, ikawa hivyo hivyo. Akakibeba kinanda mpaka kwa fundi karibu na soko la Majengo, na fundi, kwa uaminifu wake, akamrudishia akisema hakina ugonjwa wowote.

Jambo la tatu linanisumbua zaidi. Mwaka jana tuliimba Aleluya hii kwenye mashindano, kwa kasi ya wastani, bila kupiga kelele, na jaji mmoja akatukata alama akiandika kwamba tulikosa "uzito wa Handel". Sasa naomba wajuzi mnisaidie: uzito huo ni wa Handel kweli, au ni wa watu waliokuja baada yake? Na mimi mwenye waimbaji 26 na kinanda kimoja nifuate rekodi ipi?

besi_wa_area_d

Mwalimu, kama ni mkubwa wangu basi shikamoo. Niseme hilo la kinanda kwanza, maana ndilo jepesi, na nisingependa fundi mwingine apelekewe mgonjwa asiyeumwa.

Leo vyombo vingi duniani huwekwa kwa kipimo cha La (nota A) yenye mitetemo 440 kwa sekunde, na hayo ni makubaliano ya karne ya 20. Wakati wa Handel makubaliano hayo hayakuwepo. Kila mji, na hata kila kinanda kikubwa cha kanisa, kilikuwa na La yake, na wapigaji walijipanga kufuatana na chombo walichokikuta. Imebaki uma ya kupimia sauti inayohusishwa na Handel mwenyewe, ya mwaka 1751, na inatoa mitetemo 422.5, yaani chini ya kipimo chetu lakini si kwa nusu toni nzima. Wapigaji wa leo wanaotumia vyombo vya mtindo wa zamani wamekubaliana kutumia 415, hasa kwa sababu ya urahisi: hiyo ni nusu toni kamili chini ya 440, kwa hiyo mwenye hapsikodi, yaani kinanda cha zamani cha nyuzi, anaweza kusogeza ubao wa vibonyezo hatua moja akapiga na watu wa mtindo wowote. Ndiyo maana D ya Pinnock kwenye kinanda chenu inasikika kama D iliyoshushwa.

Mwambie kijana wako aende kwenye transpozi, yaani pale kinanda kinapohamishia sauti zote juu au chini, aweke minus moja, acheze vilevile kama nota zilivyoandikwa. Wakimaliza kufuatisha rekodi, airudishe sifuri. Waimbaji wenyewe hawatahangaika hata kidogo, kwa kuwa wanasoma solfa, na kwa msoma solfa do ni do popote utakapoiweka. Anayeteseka ni mwenye vibonyezo peke yake.

Je, muimbe chini siku yenyewe? Hapo sina sheria ya kukupa. Ila umesema sauti ya tatu ni wanne tu. Kwa wanne, baada ya misa ndefu ya mkesha, nusu toni moja ni huruma kubwa, na nina hakika hakuna muumini atakayeinuka kulalamika.

kanda_za_kikuyu

Swali la jaji ndilo lililonitoa usingizini, kwa hiyo mnivumilie nikirefusha.

Handel aliandika Masiya jijini London mwaka 1741, kuanzia tarehe 22 Agosti hadi 14 Septemba, siku 24. Ilisikika hadharani kwa mara ya kwanza Dublin tarehe 13 Aprili 1742, majira ya Pasaka wala si Noeli, na mapato yakaenda kwa wafungwa wa madeni na hospitali mbili. Watu walitarajiwa kuwa wengi mno kwa ukumbi ule, hata wanawake wakaombwa waje bila zile fremu za kutanua gauni, na wanaume waache panga zao nyumbani. Nayasema haya ili uone ukubwa wa ukumbi: ni ukumbi ambao gauni moja pana lilikuwa tatizo.

Ushahidi mzuri zaidi kuhusu idadi unatoka miaka kumi na miwili baadaye. Handel alikuwa akiiongoza Masiya kila mwaka kwa faida ya Foundling Hospital, makao ya watoto waliotelekezwa jijini London, na daftari la malipo ya mwaka 1754 limebaki. Linaonyesha wapigaji 38 na kwaya ya watu wasiofika hata 20, watoto na watu wazima pamoja, ukiacha waimbaji wa solo, ambao nao waliungana na kwaya kwenye viitikio. Hogwood aliijenga rekodi yake juu ya onyesho hilo la 1754, na hiyo ndiyo sababu ya watoto wa kiume uliowasikia. Ni kwaya ya Christ Church Cathedral ya Oxford. Mwalimu, tazama hesabu yako tena. Wewe una watu 26. Kwa upande wa waimbaji unamzidi Handel.

Basi uzito ulitoka wapi? Mwaka 1784, miaka 25 baada ya Handel kufariki, Waingereza walimfanyia kumbukumbu katika Westminster Abbey wakiwa na waimbaji na wapigaji zaidi ya 500. Mwaka 1789 Mozart aliipanga upya kwa ajili ya Vienna, akaongeza klarineti na vyombo vingine vya kupulizwa. Mwaka 1859, kwenye Crystal Palace, lile jumba kubwa la vioo jijini London, kwaya ilikuwa na watu zaidi ya 2,700. Ukiwa na umati kama huo huwezi kukimbia hata ukitaka, kwa sababu sauti ya waliokaa nyuma inachelewa kufika mbele, kwa hiyo kondakta anapunguza kasi, na baada ya vizazi viwili watu wanaamini kwamba kasi hiyo ndiyo aliyoitaka mtunzi. Beecham wa 1959, pamoja na matoazi na shaba zilizoongezwa na Eugene Goossens, ni mjukuu halali wa ukoo huo. Hakukosea. Alikuwa amerekodi Masiya mara mbili kabla ya hapo, alijua anachofanya, na alikifanya kwa furaha ambayo bado inasikika.

Sasa kuna jambo ambalo nadhani wengi wetu hatujalifikiria. Umati ule wa karne ya 19 ulijifunzaje kuimba? Wengi walikuwa wafanyakazi wa viwandani na wauza maduka ambao hawakuwahi kusoma nota za mistari mitano. Walifundishwa kwa solfa, mfumo ambao John Curwen aliueneza Uingereza kuanzia miaka ya 1840: d, r, m, nukta na mikato. Wamisionari walipokuja, hata hawa waliofika Mpwapwa miaka ya 1870, walitoka katika nchi iliyokuwa ikiimba hivyo, na karatasi za solfa zikafika Afrika zikiwa na mazoea ya kwaya kubwa na mwendo wa heshima. Mimi naona kwamba jaji wako alikuwa akisikia, bila kujua, Crystal Palace. Alama alizokukata ni za mwaka 1859.

mzee_wa_kanda

Mimi ndiye mzee mwenye kanda. Mwalimu amenionyesha mjadala huu kwenye simu yake, na kijana wangu ananiandikia. Nimesoma yote, nashukuru kwa elimu. Nitabaki na Beecham.

sauti_ya_pili_kisasa

Shikamoo Mzee. Nakuunga mkono kwa jambo moja: pale kwaya inaposhuka na kuimba taratibu "Ufalme wa dunia", halafu ghafla inalipuka kwenye "umekuwa ufalme wa Bwana wetu", Beecham anakuinua kwenye kiti. Kwa Hogwood badiliko hilo lipo, lakini watu wachache wakilipuka, wanalipuka kwa uchache wao.

Mwalimu, mimi ni Mlutheri, kwetu tunasema Haleluya Kuu, na nimeimba vipande vyote viwili zaidi ya mara ninazoweza kukumbuka. Nataka kuzungumzia kile ambacho wenzangu wameruka, yaani maneno. Tunalinganisha rekodi za Kiingereza, kisha tunaimba kwa Kiswahili, na hapo ndipo kasi inapoamuliwa, si kwenye historia.

Chukua "Maana kwa ajili yetu mtoto amezaliwa". Muziki wake haukuanza kama wimbo wa kwaya. Julai 1741, wiki chache kabla ya kuanza Masiya, Handel alikuwa ameandika dueti ya Kiitaliano kwa sauti mbili za juu, maneno ya mtu anayemlalamikia Mapenzi kwamba hatamwamini tena, na alipofika Isaya akauchukua muziki huo akauvalisha nabii. Ndiyo maana ule mfululizo mrefu wa nota fupi, ambao kwa Kiingereza unaangukia neno la kuzaliwa, ni mwepesi na wa kuchezacheza. Haukutungwa kwa ajili ya watu elfu mbili. Ukisikiliza rekodi nzito, mfululizo huo unageuka gari la mizigo linalopanda mlima wa Kondoa. Kila nota inasukumwa. Ukisikiliza Hogwood au Pinnock unaelewa kwamba ni kicheko.

Kwa Kiswahili sasa. Karatasi ya solfa niliyokabidhiwa mara ya kwanza iliuweka mfululizo huo kwenye silabi ya mwisho, "amezaliwa-a-a-a". Ni rahisi kwa koo, kwa sababu "a" iko wazi, lakini si Kiswahili. Hakuna mtu anayesema "amezaliWA". Mkazo wetu uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Tuliubadilisha tukauweka kwenye "-li-", na "-wa" ikaangukia nota ya mwisho peke yake. Maneno yakaeleweka mara moja, ila tukapata taabu nyingine: "i" ndefu kwa kasi ya Pinnock inabana koo, na sauti ya kwanza walianza kusikika kama mbuzi. Tiba tuliyoipata ni kuifungua "i" kidogo, iwe njiani kuelekea "e", na kupunguza kasi nukta chache tu. Kwa hiyo jibu langu kuhusu kasi ni hili: imbeni kwa kasi ya juu kabisa ambayo "-li-" yenu itaivumilia bila kubana, na hapo msiangalie rekodi ya mtu.

Kwenye Aleluya tuna bahati ya ajabu. Zile kubwa mbili za mwanzo zina nota ndefu kwenye silabi ya kwanza, "HAA-leluya", ambayo kwetu si mkazo wa kawaida. Lakini zile fupi zinazofuata kwa haraka zinaangukia pigo kwenye "-LU-", haleLUya, kama ambavyo bibi yangu angeitamka akiwa jikoni. Ukizigonga zote kwa nguvu sawa, kama wafanyavyo wengi, unapoteza mchezo huo. Ndefu ziimbwe kwa upana, fupi ziruke juu ya "lu". Msikilizeni Pinnock hapo tu, hata kama sehemu nyingine hamumpendi.

Na kama mnataka rekodi moja ya kufanyia mazoezi bila kugusa transpozi, itafuteni ya Colin Davis ya mwaka 1966 na London Symphony Orchestra. Vyombo ni vya kisasa, kipimo ni cha kinanda chenu, lakini kwaya ni ndogo na mwendo umechangamka. Wakati ule watu waliishangaa. Leo inaonekana kama daraja kati ya Mzee na ninyi vijana.

mwana_wa_chamwino

Nimeufuata mjadala huu kimya kwa sababu mimi si mtu wa kwaya. Mimi ni fundi na mpigaji wa ilimba, kile kisanduku chenye vichuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, Mgogo wa Chamwino, na Handel nilikutana naye nikiwa natengeneza redio ya mtu. Lakini mwalimu alitaja jambo mwanzoni ambalo hakuna aliyelirudia: mkwaruzo wa fidla, aliodhani ni ubovu wa spika. Nataka kuutetea mkwaruzo huo.

Fidla za rekodi kama ya Hogwood zina nyuzi za utumbo wa mnyama, na upinde wake hauna mvuto sawa kutoka mwanzo hadi mwisho; una nguvu ukianza, kisha unafifia. Fidla ya kisasa ina nyuzi za chuma au zilizozungushiwa chuma, na imefunzwa kuficha sauti ya upinde. Anayelijua zeze letu hatashangaa. Kwetu mkwaruzo ni sehemu ya sauti. Kwenye ilimba tunaenda mbali zaidi, tunachukua utando wa buibui na kuubandika juu ya tundu la kisanduku ili kila nota iwe na mvumo wake. Bila utando, ilimba inasikika kama imelala. Msikilizeni marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, kwenye rekodi zake zilizosambaa Ulaya, mtasikia ninachosema. Mtu aliyelelewa na sauti hiyo, Hogwood si mgeni kwake. Mgeni ni Beecham.

La pili ni tarumbeta. Kwa Pinnock na Hogwood wanatumia tarumbeta isiyo na vali, bomba tupu refu, na mpulizaji anapata nota kwa midomo tu. Bomba la namna hiyo halitoi nota yoyote unayotaka. Linatoa ngazi ya asili peke yake, yaani zile sauti zinazopanda zenyewe juu ya sauti ya msingi, zikihesabiwa ya kwanza, ya pili, na kuendelea. Ngazi hiyo hiyo, kuanzia sauti yake ya nne hadi ya tisa, ndimo nyimbo za Kigogo zilimojengwa, na ilimba huwekwa kwa kuifuata. Sauti ya tano ni mi, lakini si mi ya kinanda. Iko chini yake kwa karibu sehemu moja ya saba ya nusu toni. Sauti ya saba iko chini ya ile ya kinanda kwa karibu theluthi ya nusu toni, na mpiga kinanda akiisikia kwenye ilimba yangu husema nimekosea. Tarumbeta inapanda juu zaidi, na sauti yake ya kumi na moja inaangukia katikati ya fa na fe (fa iliyopandishwa nusu toni), kwa hiyo mpulizaji hulazimika kuivuta kwa midomo. Tena, mjue kwamba wapulizaji wengi wa rekodi hizi "za zamani" wana vitundu vidogo kwenye bomba vya kurekebisha sauti hiyo, na vitundu hivyo ni uvumbuzi wa karne ya 20. Kwa hiyo msiape sana kwa jina la uhalisia.

Ninachomwomba mwalimu ni kimoja. Ule mwisho wa Aleluya, baada ya kimya, pale mnapoimba Aleluya ya mwisho polepole mkitoka chodi ya fa kwenda chodi ya do, zimeni kinanda. Waliobeba mi waishushe kidogo kuliko kinanda kilivyowazoesha, mpaka chodi iache kutetema na itulie. Watajua wameipata, kwa sababu itasikika kama kuna mtu wa ziada anayeimba juu yao.

besi_wa_area_d

Ndugu wa Chamwino, hapo kwenye kuzima kinanda nina wasiwasi. Kwaya nyingi zikiachwa bila kinanda hushuka, na kikirudi ni aibu. Lakini kwa kuwa ni chodi ya mwisho na hakuna kinachofuata, nakubali. Wakishuka, washuke na amani.

mwalimu_wa_makole

Nimechelewa kurudi kwa kuwa tulikuwa na mazoezi Alhamisi na Jumamosi, nikaona heri nije na matokeo kuliko shukrani tupu.

Tuliihamishia "-li-" mfululizo wa Isaya. Sauti ya kwanza walilalamika kama dada wa Kisasa alivyotabiri, na mbuzi walisikika. Tulishusha kasi mara mbili kabla "i" haijafunguka. Kasi tuliyofika iko karibu na Davis kuliko Pinnock, na sikuipanga. Koo ndizo zilizoipanga. Niligundua pia kwamba kanisani kwetu, penye sakafu ya vigae na kuta tupu, mwangwi unakula nota fupi zote ukizidisha mwendo, ilhali ukumbini penye dari ya jipsamu na viti vya plastiki tungeweza kukimbia. Kumbe hata rekodi nilizokuwa nikizilinganisha zilifanyiwa katika vyumba visivyofanana, nami nilikuwa nikihesabu vyumba hivyo kama maoni ya makondakta.

Aleluya tumeigawa. Ndefu ni pana, fupi zinaruka, na kwenye "Ufalme wa dunia" nimemwachia Mzee Beecham wake: tunashuka kabisa, kisha tunafungua kwa nguvu zote tulizo nazo, watu 26. Mzee alitikisa kichwa, akasema inatosha kwa watu wachache. Pale sauti ya nne wanapoanza peke yao "naye atamiliki milele na milele", kabla ya sauti nyingine kudakia, aliimba kwa uzito wa Crystal Palace nzima, na sikumzuia.

Chodi ya mwisho tuliijaribu bila kinanda mara nane. Mara ya sita ilitulia. Sijui kama kulikuwa na mtu wa ziada juu yetu, lakini mlinzi wa kanisa aliacha kufagia. Mara ya saba na ya nane hatukuipata tena.

Jambo moja la kuungama. Jumamosi tulifanya mazoezi pamoja na rekodi ya Pinnock, kwa hiyo transpozi ilikuwa minus moja, na hakuna aliyekumbuka kuirudisha sifuri. Jumapili asubuhi misa nzima ikapigwa nusu toni chini, kuanzia wimbo wa kuingia hadi wa kutoka. Paroko alinisimamisha mlangoni, nikajua nimekwisha. Akaniuliza tumefanya nini, maana kwa mara ya kwanza mwaka huu ameimba Utangulizi bila koo kumkwama, na akaniagiza tusibadilishe.